Kura Iliyokwama Merrylands

Mara ya kwanza nilipokwenda kupiga kura hapa Sydney, harufu ya vitunguu ilinifikia kabla sijaiona foleni. Wazazi wa shule ile walikuwa wamejipanga getini na jiko la gesi, wanakaanga soseji na vitunguu na kuuza ndani ya mkate, na wapiga kura wamesimama wanatafuna kama watu waliokuja harusini. Huku kupiga kura ni lazima, usipokwenda unaandikiwa barua. Mbele yangu alikuwapo kijana wa rika langu, analalamika kwenye simu kwamba Jumamosi yake imeharibika. Nilitaka kumgusa bega nimwambie kwamba namjua mwanamke aliyetaka kuvuka nusu ya dunia ili asimame kwenye foleni kama hii, na kwamba mimi ni mmoja wa waliomkwamisha. Sikumwambia. Lakini harufu ile ilinikaa puani siku nzima, nikajikuta nimeudhika upya kwa mambo niliyodhani nimeshayasamehe.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wenzangu mliosoma shule kupitia skrini mnazikumbuka wiki zile: mwalimu anakatikakatika kama redio mbovu, nusu ya darasa wamezima kamera, na kuna mtoto mmoja kila siku amesahau kuzima sauti, tunasikia mama yake akisuuza vyombo. Sisi tulikaa Merrylands, ghorofa ya kwanza ya jengo la matofali mekundu. Baba alikuwa amekwama Perth. Alikuwa amekwenda kufanya kazi migodini, mipaka ya majimbo ikafungwa, na kwa miezi mingi akawa sura ya kwenye simu. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Auburn. Alirudi kila siku na alama za barakoa zimemchora mashavuni, anavua viatu nje ya mlango, hataki nimguse mpaka aoge. Alikuwa na kompyuta moja, nayo ilikuwa ya wote wawili.

Ndipo mwalimu akatuletea balaa lake. Kila mtoto alipewa nchi, akatakiwa kuja kueleza uchaguzi wake unavyofanyika. Mwalimu alichota vikaratasi kwenye kofia mbele ya kamera. Wenzangu walipata Marekani, India, Ufaransa, nchi ambazo ukiuliza mtandao unakumwagia majibu. Mimi nikapata Saint Kitts na Nevis. Nilidhani ni watu wawili, mtakatifu na mwenzake, na nikauliza kwa sauti ni yupi kati yao aliyegombea. Darasa zima lilicheka, hata wale waliozima kamera.

Mama aliporudi nilimwambia. Hakucheka.

"Uchaguzi?" aliuliza. "Hawana hesabu za kuwafundisha?"

"Ni kazi ya alama, Mama."

"Fanya kazi yako basi, lakini hayo mambo usiniletee hapa mezani, Kemunto. Sitaki kuyasikia."

Niliona hilo ni jambo la ajabu kabisa. Nikaamua kwamba Mama hakupenda visiwa vidogo. Kwa wiki nzima niliamini hivyo, na nilimwonea huruma mtakatifu Kitts.

Aliyeniokoa ni Miss Althea wa ghorofa ya juu. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sabini na kitu, muuguzi mstaafu, mjane wa mhandisi wa Kiaustralia aliyekutana naye Uingereza. Tulikuwa tukimwona tu akipanda na kushuka ngazi. Alitaka aitwe Miss Althea, hivyo hivyo, na ukimwita kwa jina lingine hakugeuka. Siku ile nilikuwa nyuma ya jengo, kwenye kamba za nguo, naanika mashuka huku najisomea karatasi yangu kwa sauti ya kuudhika. Alikuwa upande wa pili wa kamba akikusanya nguo zake.

"Umelitamka vibaya," alisema. "Nevis. Neevis. Mimi nimezaliwa huko."

Tulizungumza Kiingereza, bila shaka. Mama peke yake ndiye aliyesema nami Kiswahili, nami nikimjibu Kiingereza kama watoto wengi wa huku. Nayaandika yote kwa Kiswahili kwa sababu nikikumbuka siku hizo, sauti ya Mama ndiyo inayotangulia.

Miss Althea alichukua vibanio vya nguo kumi na kimoja. Vinane akavibana kwenye kamba moja, vitatu kwenye kamba ya pili. "Hivi vinane ni majimbo ya Saint Kitts, kisiwa kikubwa. Hivi vitatu ni vya kwetu Nevis. Kila jimbo linachagua mbunge mmoja. Mwenye kura nyingi analichukua, hata akimzidi mwenzake kwa kura moja. Wa pili hapati kitu." Akapita na kidole akihesabu. "Atakayekusanya vibanio sita au zaidi, peke yake au kwa kuungana na wengine, Gavana Mkuu anamwita awe waziri mkuu."

"Gavana Mkuu anachaguliwa na nani?"

"Yeye hapigiwi kura. Anamwakilisha Malkia. Malkia yule yule wa kwenu hapa."

Lilinishangaza sana, kwamba bibi mmoja wa Uingereza alikuwa akituhudumia sisi wa Merrylands na wao pia, nikadhani ndiyo sababu mambo yote yalikuwa yanachelewa.

Kwa siku kadhaa nilishuka kwenye kamba hata nisipokuwa na nguo za kuanika. Tulikaa mbali kama tulivyoagizwa, yeye kwenye kiti chake cha kukunja, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alinieleza kwamba Nevis ina baraza lake lingine dogo, mbali na bunge la nchi, na kwamba katiba inawaruhusu kujitenga ikiwa thuluthi mbili ya wapiga kura wa Nevis watakubali. Waliwahi kupiga kura hiyo. Waliotaka kujitenga walikuwa wengi, lakini hawakufika thuluthi mbili, wakakosa kidogo tu.

"Mimi nilitaka tujitenge," alisema. "Dada yangu Verna hakutaka. Tulisemana maneno mabaya barazani kwa baba yetu, na baba yuko ndani anasikia."

Tangu hapo hawakupigiana simu. Lakini Miss Althea hakuwahi kuondoa jina lake kwenye daftari la wapiga kura la kwao, na nchi yao haipokei kura kwa posta. Ukitaka kupiga, lazima ufike mwenyewe. Basi kila uchaguzi alifunga safari. Kituo chao cha kupigia kura kilikuwa shule waliyosoma wakiwa wadogo, na wote wawili walikuwa na tabia ya kuwahi, kwa hiyo kila mara walijikuta kwenye foleni moja. Verna alisema, "Umefika." Yeye alijibu, "Nimefika." Wakishapiga kura walirudi kwa njia ile ile, mmoja upande huu wa barabara, mwingine upande ule.

"Kwa hiyo mnafutana," nilisema. Hesabu ilikuwa rahisi, hata kwangu. "Wewe unampa huyu, yeye anampa yule. Ni sawa na mngebaki nyumbani."

"Kila mara," alisema.

"Sasa kwa nini unakwenda?"

Alitoa kibanio kimoja kwenye kamba akakigeuzageuza. "Nisipokwenda, ya kwake itabaki peke yake."

Nami, kwa akili zangu za miaka kumi na mmoja, nilielewa kwamba jambo kubwa hapo lilikuwa kura.

Siku chache baadaye alinisubiri ngazini, barakoa imeshushwa kidevuni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Tarehe ya uchaguzi ilikuwa imetangazwa kwao. Nchi yetu hii ilikuwa imekataza raia na wakazi wake kutoka bila kibali, na kibali kiliombwa kwenye mtandao. Yeye na kompyuta hawakuelewana. Je, ningemsaidia?

Nilijiona mtu mzima. Mama alikuwa kazini. Nilileta kompyuta kwenye kamba za nguo, nikaandika anwani ya barua pepe ya Mama kwa sababu ndiyo pekee niliyoijua, na tukaanza. Fomu ilitaka sababu ya safari. Kulikuwa na orodha, uchague moja. Nilimsomea. Matibabu ya haraka. Biashara muhimu. Sababu za kibinadamu. Maslahi ya taifa.

"Andika naenda kupiga kura," alisema.

"Haipo kwenye orodha. Kuna sababu nyingine?"

Alitazama pembeni, kwenye ukuta wa jirani. "Verna anasumbuliwa na mguu. Mpwa wangu aliniandikia. Lakini hilo si jambo la kuambia serikali."

Hata sasa nikiikumbuka dakika ile nataka kujipiga kofi. Mguu. Mimi niliwaza mguu wa kujikwaa, mguu wa kufungwa bandeji. Uchaguzi ulikuwa na Malkia na Gavana na majimbo kumi na moja. Ni kipi kizito? Nikabonyeza *maslahi ya taifa*. Kwenye kisanduku cha maelezo niliandika, na maneno haya nayakumbuka kwa aibu yote: "Anatakiwa kwenda kumfuta dada yake." Nikabonyeza kutuma.

Jibu lilikuja kwa Mama.

Nilikuwa darasani, kwa maana ya kwamba nilikuwa nimekaa jikoni, aliposimama nyuma yangu na simu mkononi. Alingoja mpaka mwalimu alipotuaga. Kisha akaiweka simu mbele yangu. Ombi lilikuwa limekataliwa, kwa lugha ya adabu.

"Nisomee ulichoandika hapo," alisema. "Kwa sauti."

Nilisoma.

"Kumfuta dada yake. Kwa barua pepe yangu. Mimi mwenye uraia wa juzi." Alivuta kiti akakaa. "Kemunto, unajua wanaosoma hizi barua ni watu gani? Unajua neno hilo linaweza kusomwaje?"

Nilianza kueleza: vibanio, thuluthi mbili, foleni. Nilieleza kwa haraka, nalia, nachanganya visiwa. Mama alikuwa ameshika kichwa. Nilipofika kwenye mguu, akainua mkono.

"Ngoja. Mguu una nini?"

"Unamsumbua tu."

"Ana sukari huyo dada?"

Sikujua. Mama alivaa barakoa, akapanda ngazi na sare yake ya kazi bado mwilini. Nilimfuata. Aligonga, akarudi nyuma hatua tatu, na Miss Althea alipofungua, Mama hakumsalimu hata vizuri. Aliuliza alivyowauliza wazee wake wa kazini, moja kwa moja. Verna ana kisukari? Kidonda kiko wapi? Kimeanza lini? Wamesema nini hospitalini?

Miss Althea, aliyekuwa muuguzi kwa miaka arobaini, alisimama mlangoni akijibu kama mwanafunzi. Kisukari, ndiyo. Kidole kilikuwa cheusi, sasa weusi umepanda mguuni. Wanazungumzia kukata chini ya goti.

"Na wewe unaomba kibali cha kwenda kupiga kura," Mama alisema.

"Nikisema naenda kwa ajili ya mguu, na yeye akasikia, hatanifungulia mlango. Nikisema naenda kupiga kura, atanikuta kwenye foleni."

Mama alinigeukia. Kisha akasema, kwa Kiswahili, kwa sababu uvumilivu wake wa Kiingereza ulikuwa umekwisha, "Watu wazima hawa, Mungu wangu." Akanituma kompyuta.

Ombi la pili aliliandika yeye mwenyewe. Sababu za kibinadamu. Mpwa alituma barua ya hospitali. Mama alikaa kwenye simu akisubiri siku mbili mfululizo, muziki ule ule unajirudia, anakaanga mayai na simu begani. Na kibali kilipatikana kweli. Nilipanda ngazi mbio kumpelekea Miss Althea habari, nikamkuta ameshikilia simu yake mwenyewe. Mpwa alikuwa ametoka kumwambia kwamba uwanja wa ndege wa kwao umefungwa. Hakuna ndege ya abiria inayotua, iwe kwa mpiga kura au kwa ndugu wa mgonjwa.

Hakuna aliyekuwa na kosa hapo, na hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Ningepata mtu wa kumlaumu ningelala vizuri. Mama alikunja karatasi ya kibali mara mbili na kuibana ubavuni mwa jokofu, akasema, "Mlango wa huku umefunguliwa, wa kule umefungwa, na sisi tumesimama katikati na karatasi," kisha akaenda kazini.

Shule zilikuwa zimefunguliwa tulipofika siku ya kueleza nchi zetu. Nilibeba vibanio kumi na kimoja na kipande cha kamba. Yote niliyasema sawa, majimbo, Gavana, thuluthi mbili. Nikamalizia kwamba uchaguzi ni siku ambayo ndugu hufutana. Mwalimu aliniandikia kwamba nimejitahidi, ila nihakikishe ukweli wa mambo. Nilirudi nyumbani nimenuna. Ukweli gani tena aliutaka?

Kura zao zilipigwa Ijumaa, ambayo kwetu ilimalizikia Jumamosi asubuhi. Miss Althea alikuwa kwenye kamba za nguo ingawa hakuwa na nguo za kuanika. Mama alikuwa na beseni la sare zake. Simu ya Miss Althea ililia, akaitazama namba, akanipa mimi nibonyeze. Sauti ikatoka, ya mwanamke aliyechoka, kavu.

"Althea."

"Verna."

"Nimepiga kura."

"Nilijua utapiga."

"Nimebebwa kwenye kiti mpaka ndani. Nilikutafuta kwenye foleni."

"Sikufika," alisema.

"Nimeona. Kwa hiyo mara hii nimekushinda kwa moja."

Miss Althea alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, mwanamke yule ambaye hata kwenye kiti alikaa wima, na sikuweza kujua kicheko kiliishia wapi na kilio kilianzia wapi. Kule upande wa pili Verna naye alikuwa akikohoa au akicheka. Kisha Verna akasema kwamba walitaka kumkata mguu wiki iliyopita, akawaambia wasubiri mpaka apige kura.

"Mpumbavu wewe," Miss Althea alisema. "Mpumbavu. Nipe huyo daktari. Nipe namba yake sasa hivi." Na hapo akawa muuguzi tena, akauliza maswali yale yale aliyoulizwa na Mama mlangoni. Waliongea mpaka simu ikaisha chaji.

Verna alikatwa mguu Jumatatu, akapona. Viwanja vya ndege vilipofunguliwa Miss Althea aliondoka na masanduku mawili, akaniachia kiti cha kukunja, na hakurudi tena kukaa. Uchaguzi uliofuata ulikuja kabla ya wakati wake, na mpwa alitutumia picha: Verna kwenye kiti cha magurudumu, Miss Althea ameshika vishikio nyuma yake, wako kwenye foleni ya shule, wote wawili wamenuna kama watu waliolazimishwa kuja. Miaka mitatu baadaye Verna alifariki. Miss Althea bado yuko kwenye nyumba ya baba yao. Hapigi kura siku hizi. Ukimuuliza anasema miguu inauma.

Lakini ile Jumamosi haikuishia kwenye kamba za nguo. Mchana Mama hakulala, ingawa alikuwa na zamu jioni. Alikaa mezani, pale pale alipokataza uchaguzi usizungumzwe, akanieleza bila kuulizwa. Nakuru, kabla sijazaliwa, alikuwa amepanga chumba kimoja, na ukuta wa pili alikaa Mama Lydia. Walichota maji bomba moja, Mama akamshikia mwenzake watoto. Kisha ukaja uchaguzi, na baada yake wakaja vijana wakipita ploti hadi ploti, kwenye nyumba za kupanga, wakiuliza majina ili wajue nani ni wa kabila gani. Mama aligonga kwa Mama Lydia ili ajifiche. Mlango haukufunguliwa. Alisikia redio ya ndani ikipunguzwa sauti.

"Niliruka ukuta wa nyuma, nikajificha siku mbili kituo cha polisi," alisema. "Sikurudi hata kuchukua sufuria. Na mpaka leo sijui kama alinikataa au aliogopa tu. Sijawahi kumuuliza."

Nilimuuliza kwa nini hakuuliza. Akaniambia niache maswali ya kitoto, akanyanyua simu akampigia binamu yake wa Nakuru, akaomba namba ya Mama Lydia.

Kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni, kwao saa nne asubuhi. Aliweka simu mezani, sauti imefunguliwa, mikono yake chini ya mapaja. Ililia mara nyingi. Akapokea msichana, wa umri wangu kwa sauti yake.

"Shosho hayuko," alisema, akimaanisha bibi yake. "Ameenda soko. Nimwambie ni nani?"

Nilimwona Mama akitafuta jina, lake la ubini, la wakati ule, la sasa. Nilichoka kusubiri, nikataka kumsaidia, nikainua mkono nimwandikie jina hewani. Akanizuia kwa jicho.

"Mwambie ni jirani," alisema.

"Jirani gani?"

"Mwambie tu hivyo. Atajua."